Jino la Kanali

Kanali Haskett alijitupa kwenye kiti cha meno, katika kambi ya jeshi huko Texas, akiwa bado anafoka.

"Jeshi limekusomesha udaktari wa meno miaka minne, Kapteni. Sasa unataka likupeleke ukasomee ubingwa wa mizizi ya meno? Huna haya?"

"Miaka ya kulitumikia itaongezeka, afande. Nimekubali."

"Mimi sijakubali. Fomu nimeichana. Wiki ijayo unakwenda nami Kuwait. Haya, nikague upesi uweke sahihi kwamba nafaa kusafiri."

Kapteni Pruitt alichukua kioo cha kukagulia meno. Alimchukia mtu huyu kuanzia buti hadi masharubu. Alipogonga gego la nyuma, kanali aliruka kama aliyeumwa na nge. Lilikuwa limeoza hadi mzizini na kutunga usaha.

"Andika kwamba ni zima!"

"Siwezi. Mwenye jino kama hili hapandi ndege ya kwenda vitani. Amri hiyo uliibandika mwenyewe mlangoni."

"Basi litibu, mpumbavu wewe!"

"Mzizi huu umepinda, unahitaji bingwa."

"Mwite!"

"Kambi hii haina, afande," alisema Pruitt, akiandika *hafai kusafiri*. "Mmoja alitaka kwenda kusomea. Umemchania fomu."