Makopo Matatu ya Vitenzi

Kwenye vitenzi vya Kiingereza, mimi sina mpinzani. Ndivyo nilivyomwambia shangazi, nimekaa juu ya meza yake ya kukatia vitambaa, miguu inaning'inia.

Shangazi ni fundi cherehani. Chuo cha ufundi kilikuwa kinatafuta mwalimu wa ushonaji, na kesho yake asubuhi alikuwa na mtihani. Kushona hawakumtilia shaka. Walitaka kujua kama Kiingereza chake kinatosha kufundishia. Na mtihani huo, aliambiwa, haukosi swali la kupanga vitenzi kwa mafungu.

"Mwanangu, nikianguka kesho, nafasi hii hairudi," alisema. Alikuwa akishona suruali ya kijivu iliyopasuka makalioni. Sikuuliza ni ya nani, wala mwenyewe yuko wapi. "Una hakika unavijua?"

"Shangazi! Shuleni, kila siku ya vitenzi, mwalimu alikuwa ananiita mbele."

Nikachukua makopo yake matatu ya vifungo, nikayamwaga sakafuni.

"We mtoto! Vifungo vyangu!"

"Elimu haitaki uchoyo."

Kopo la kwanza, vitenzi vya kutenda. La pili, vya hali. La tatu, visaidizi. Nikaandika kila kitenzi kwa chaki kwenye kipande cha kitambaa, nikaanza kuvitumbukiza kwa madaha, kama mtu anayetia sukari kwenye chai ya mwenzake.

"'Sleep', kulala. Hali. Aliyelala anatenda nini?"

"Baba yako akilala anakoroma mpaka bati linatikisika. Ile si kazi?"

"Tuendelee. 'Know', kujua. Kutenda! Kujua ni jasho, shangazi, waulize waliofeli."

"Na huyu 'must'?"

Hapo nikaangalia dari. Dari nayo ikaniangalia.

"Huyo hana kopo. Alishafutwa."

Mguu wa shangazi ukasimama kwenye kanyagio la cherehani. "Kafutwa na nani?"

"Na Waingereza wenyewe."

Nyuma ya pazia la kujaribia nguo, mtu akakohoa.

"Huyo ni kisaidizi, kopo la tatu," pazia likasema. "Na hao wawili wa mwanzo wabadilishane makopo."

Sauti ile ningeijua hata usingizini. Kichwa cha mwalimu wangu wa Kiingereza kikachomoza pembeni. Chini ya pazia zilionekana soksi mbili na miguu mitupu.

Nikashuka mezani. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Akamgeukia shangazi. "Ni kweli, mama, kila siku ya vitenzi nilikuwa namwita mbele. Apige magoti."

Shangazi hakucheka. Aliichomoa suruali kwenye cherehani, akaikunja, akaikalia.

"Samahani, mwalimu, itachelewa kidogo. Tuanze na kopo la kwanza." Kisha akanionyesha vifungo vilivyotapakaa sakafuni. "Na wewe, mtaalamu, okota. Kumbe magoti umeyazoea."