Kengele ya Zamu ya Maji

Siku maji yalipovunja tuta na kubeba miche ya mpunga ya jirani yao Nyirabagenzi, Mukabalisa hakuwepo Bugarama. Alikuwa Kamembe, barazani kwa binamu yake Nzigire, wanazungumza habari za vitenge. Nzigire alikuwa amepata meza sokoni, meza pana ya kutosha watu wawili, na alitaka mwenzake awe mtu wa damu yake, si mtu wa kumchungulia mfuko. Mukabalisa alirudi jioni na furaha ndogo ambayo hajamwonyesha mtu. Alipoteremka kwenye gari pale njia ya kwenda Ruhwa, kabla hajavuka mtaro, akaambiwa kwamba mumewe ameacha maji tena.

Kule bondeni maji hayana mwenyewe. Ushirika wa wakulima wa mpunga ulikuwa na mfereji mmoja mkubwa, na kila shamba lilikuwa na mlango wake wa ubao. Zamu ilitembea na fimbo iliyopakwa rangi nyekundu. Ukiletewa fimbo, unainua ubao na maji yanaingia kwako. Saa zako zikiisha, unateremsha ubao, unampelekea jirani fimbo, unakwenda zako kula. Watu walisema ni kazi ya mtoto. Sibomana, mume wa Mukabalisa, mwanamume mwenye ndevu na mabega ya kubeba magunia mawili, kazi hiyo ilimshinda.

Si kwamba alikuwa mvivu. Kulima alilima, na ubao aliuinua vizuri kabisa. Kilichomshinda ni kuuteremsha. Siku ile alisimama pale mlangoni, fimbo mkononi, akaona pikipiki imeanguka barabarani na mzigo wa ndizi. Akaenda kusaidia. Akamsindikiza mwenye ndizi mpaka karibu na kinu cha mpunga. Kinuni akakuta mafundi wanabadilisha mkanda wa mashine, akasimama kuangalia. Walipomfuata huko mchana alikuwa bado ameshika ile fimbo, anauliza mkanda wa namna ile unatoka wapi. Wakati huo kitalu cha Nyirabagenzi, miche aliyokuwa aihamishe wiki hiyohiyo, kilikuwa kimekwenda na maji.

Mukabalisa alisimuliwa yote hayo akiwa bado na mkoba begani. Alingoja hasira ije, maana zamani ilikuwa ikija mbio hata kabla mtu hajamaliza kusema. Haikuja. Alisema tu, "Sawa, mi nasikia," akaenda nyumbani kubandika sufuria ya maharage.

Ndani ya mkoba ule kulikuwa na simu ya Sibomana, ile ndogo ya tochi. Yake mwenyewe ilikuwa imekufa, ndiyo maana aliichukua ya mumewe asubuhi ili asipoteane na Nzigire sokoni. Na simu ile haikuwa simu ya hivihivi. Binti yao Odette, aliyekuwa anasomea uuguzi Kamembe, alikuwa ameiwekea kengele: ilipiga kelele kila saa ya kufunga maji ya baba yake ilipofika. Msimu mzima uliopita Sibomana hakuacha maji hata mara moja. Kengele ililia, akashtuka, akateremsha ubao. Siku ile ililia pia. Ililia barazani kwa Nzigire, katikati ya habari za vitenge, na Mukabalisa akatia mkono mkobani akaizima, akaendelea na mazungumzo.

Jambo hilo hakumwambia mtu. Alilibeba tu, na halikumlemea wala halikuwa jepesi.

Odette alikuja Jumapili, akamkalisha mama yake nyuma ya nyumba.

"Mama, Papa haiko mupumbavu," alisema. "Ni ugonjwa. Iko mu kichwa, tangu kuzaliwa. Akili yake inaruka, haikae pahali pamoja. Kule tunafundishwa, na iko na jina."

"Inaponaka?"

"Haiponake. Lakini muntu anaishi nayo. Iko dawa, na iko bintu bya kumukumbusha, sawa ile kengele. Nitakuja ku komite ya ushirika mimi mwenyewe nibaelezee."

Mukabalisa alichambua maharage. Aliyasadiki maneno ya mwanawe kuliko alivyoonyesha. Mama mkwe wake, kabla hajafa, aliwahi kumweleza kwamba baba yake Sibomana naye alikuwa hivyohivyo: anatumwa chumvi, anarudi na jembe, chumvi hana habari nayo. Na huko kulikuwa Nkungu, mlimani, wakati redio ya karibu ilikuwa ya padri. Basi ugonjwa huu haukuja na simu, wala haukuja na pikipiki. Lakini Nkungu hakuna aliyeuita ugonjwa. Mtama na viazi havikumpa mtu saa ya kufungua na saa ya kufunga. Mtu akipotelea njiani, shangazi mmoja alipaza sauti kutoka kilimani, na akirudi jioni, jembe lilikuwa palepale alipoliacha. Walicheka, wakala, wakalala. Ni baada ya kuteremka huku kwenye mpunga, kwenye fimbo nyekundu, ndipo Sibomana alipoanza kuwa mtu mwenye kasoro. Mukabalisa aliwaza hivyo huku akitupa kokoto, na mawazo yenyewe hayakumfariji wala kumsumbua.

Alichojali kilikuwa kimoja: shamba. Bizimana, mkulima mwenzao, alipopofuka macho, ushirika ulimpa pole, ukampa sukari, kisha shamba lake likapewa mtu mwingine mpaka apone. Hakupona, na shamba halikurudi. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria: mgonjwa apumzike. Mzembe, yeye aliadhibiwa, akalipa kwa jasho lake, akabaki na shamba. Mukabalisa aliizungusha sheria hiyo kichwani siku zote mpaka siku ya kikao cha komite, na kila alipoizungusha ilitua palepale.

Kikao kilifanyika kwenye ghala la ushirika, juu ya viti vya plastiki. Mwenyekiti, Mzee Twagirayezu, ambaye wote walimwita Prezida, alikuwa mtu wa adabu na nguo safi, na alikuwa na jibu la kila swali kabla halijaulizwa. Fimbo nyekundu ilikuwa mezani mbele yake. Nyirabagenzi alieleza hasara yake kwa utaratibu, bila matusi, na utaratibu huo ulikuwa mbaya kuliko matusi. Sibomana alikaa mikono magotini. Alipoulizwa ilikuwaje, alisema kweli yake yote:

"Sijue, Prezida. Nilikuwa pale. Kisha nilikuwa ku kinu."

Watu wakacheka kidogo. Mzee Twagirayezu hakucheka.

"Hii mambo ya siku hizi," alisema. "Sisi tulichungaka ngombe kutoka asubui mpaka jua linazama, na akili iko pamoja. Hakuna mutoto alisemaka akili yake imemutoroka. Sasa bantu bote akili yabo inakaa wapi?"

Macho ya wengi yaliangalia mifuko yao yenye simu.

Odette akasimama. Alikuwa amevaa vizuri, amejiandaa. "Prezida, ninaomba neno. Papa yangu ni—"

"Kaa, Odette," Mukabalisa alisema.

"Mama, wacha niseme."

"Kaa." Mukabalisa naye akasimama. Sauti ilimtoka bila kupanda. "Prezida, ni telefoni. Kuko mupira siku ile, alikuwa nasikiliza redio ya mu telefoni. Njo ilimubeba akili. Miye nilimukataza, hakusikia. Tunaomba musamaha. Miche ya Mama Nyirabagenzi tutaipanda upya, siye babili, na mikono yetu."

Ghala zima lilipumua. Simu walikuwa wanaijua. Kila mtu pale alikuwa na mtoto aliyetekwa nayo, au mke, au yeye mwenyewe. Hata Nyirabagenzi aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa mwizi ambaye alikuwa akimshuku siku nyingi. Mzee Twagirayezu alimgeukia Sibomana.

"Ni kweli?"

Sibomana alimwangalia mkewe muda mrefu. Mukabalisa alimwangalia pia. Alidhani ataona kwenye macho yale swali, kwa sababu simu ilikuwa mkobani mwake Kamembe, na wote wawili walijua. Alichokiona ni mtu anayetafuta kitu gizani na kupewa kitu mkononi.

"Itakuwa ni kweli," Sibomana alisema. "Ndiyo. Nilikuwa nasikiliza mupira."

Odette alitoka nje. Hakumuaga mama yake siku hiyo, na hakupiga simu kwa wiki kadhaa.

Hukumu ilikuwa nyepesi kuliko walivyotegemea. Watapanda kitalu kipya. Shamba watabaki nalo. Na kila zamu ya maji ya Sibomana itakapofika, simu yake italala nyumbani kwa Prezida mpaka fimbo ipite kwa jirani. Mzee Twagirayezu alitabasamu alipolisema hilo, maana alikuwa amelibuni yeye mwenyewe.

Njiani kurudi, jua lilikuwa limeshuka nyuma ya milima ya Congo na joto la bondeni halijapoa. Sibomana alitembea mbele, kisha akasimama, akamngoja.

"Mama Odette."

"Niko hapa."

"Ule mupira, ni nani alishinda?"

Mukabalisa alimwangalia kama anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa ameuliza kwa aibu kidogo, kama mtu anayeuliza jina la mgeni aliyekwisha tambulishwa.

"Bale ba jezi ya bluu," alisema.

"Aa," Sibomana alisema, akaendelea kutembea.

Mukabalisa alimwambia Nzigire asimngoje. Hakueleza sana, alisema shamba lina kazi. Nzigire akasema meza haiwezi kukaa nusu tupu, atatafuta mwingine, na akampata. Mukabalisa alipopewa habari hiyo alijaribu kuhuzunika, kama mtu anayepapasa jino bovu kwa ulimi. Hakukuta kitu. Alikwenda kisimani, akarudi, akaosha vyombo.

Tangu hapo kila siku ya zamu ilikuwa na mwendo wake. Alfajiri Mukabalisa alipeleka simu kwa Prezida. Kisha alikwenda mlangoni pa maji, akakaa kwenye tuta, juu ya gunia lililokunjwa, akaangalia. Hakusuka, hakuchambua, hakuzungumza na wapita njia. Aliangalia kivuli cha nguzo ya mlango kinavyotambaa, na kilipofika kwenye jiwe fulani alimwita mumewe. Wakati mwingine alimkuta pale pale. Wakati mwingine alimfuata barabarani na kumrudisha kwa mkono.

Jioni moja alipokwenda kuchukua simu, Mzee Twagirayezu alimtolea kiti.

"Mama Odette, nataka nikuambie kitu. Hii telefoni niliichunguza. Unajua inafanyaka nini? Kila siku ya zamu, saa ileile ya kufunga maji, inalia. Inalia sawa mutoto mwenye njaa. Kila mara, saa ileile." Aliinua kidole. "Sasa weye niambie, muntu atafunga mulango namna gani na kintu kama hiki kinamupigia makelele mu masikio?"

Mukabalisa aliangalia ile simu ndogo mkononi mwa mzee.

"Ni kweli, Prezida," alisema.

"Mimi nakizima tu."

"Aksanti, Prezida."

Alifunga simu kwenye kona ya kitenge chake, akashika njia. Angeweza kucheka. Angeweza pia kukaa chini pale njiani na kulia, hakuna ambaye angemwona. Alitembea tu, kwa sababu chakula kilikuwa bado hakijapikwa.

Msimu ukaenda. Maji hayakuachwa tena, na watu wa ushirika wakaanza kumtolea mfano Sibomana. Yeye mwenyewe alikuwa mtu mwingine. Alitembea kichwa juu. Kijana akimwona na simu alimsimamisha, akamwasa. Kwa Nyirabagenzi, ambaye sasa walisalimiana vizuri, alisema mbele ya mkewe: "Tangu baninyanganye ile kintu, sijasahabu ata mara moja. Akili yote imerudia." Na uso wake ulikuwa na furaha ya kweli, furaha ambayo Mukabalisa hakuwa ameiona tangu Nkungu.

Siku moja, mpunga umeanza kutoa masuke, Sibomana alikuja akakaa karibu naye kwenye tuta. Maji yalikuwa yanaingia kimyakimya. Aliweka fimbo nyekundu magotini.

"Mama Odette, sasa kwa nini unakujaka huku kila zamu? Unajichokesha bure."

Mukabalisa aliangalia kivuli.

"Miye niko muzima sasa. Weye ungeenda ata Kamembe kwa Nzigire, mukauzishe ile bitenge yenu. Ulikuwa unaipenda." Alisema hivyo kwa upole, kwa moyo wote, kama anayempa zawadi. Kisha ndege mdogo alipita juu ya mpunga, Sibomana akamfuata kwa macho, akainuka, akaanza kumwendea taratibu ukingoni mwa mfereji, fimbo ikining'inia mkononi.

Kivuli kilifika kwenye jiwe.

"Papa Odette," Mukabalisa aliita. "Funga maji."

Akarudi, akateremsha ubao.