Kazi Nzuri, Hongereni

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa na watengenezaji wa ile programu ya kujengea tovuti, niende nikatoe maoni. Nilienda na kanga ya kulalia na hakuna aliyeshangaa.

Shida yangu naijua vizuri. Natengeneza tovuti ya kitalu chetu cha miche ya parachichi hapa Lushoto, na kila nikibonyeza kitufe cha Hifadhi, picha ya mwisho kwenye ukurasa inafutika. Picha hiyo ni ya mume wangu, Baba Tunu. Amesimama na mche, ana kidoti cheusi shavu la kushoto, na uso wa mtu ambaye mtoto akimpa kitu kwa mkono wa kushoto anamwambia arudi aanze upya.

Watengenezaji walipotuuliza kwenye jukwaa la watumiaji tunaionaje programu yao, niliandika kama wenzangu wote: "Kazi nzuri, hongereni sana." Ningeandika nini? Watu wamehangaika, utawaanzaje na ubaya?

Mlangoni napokelewa na Mshale, ule wa kwenye kompyuta, ila huyu ni mrefu kunishinda.

"Karibu mama," anasema. "Hapa tatizo linaelezwa hatua kwa hatua, na kila hatua unayoisema inatokea."

"Inamtokea nani?"

Mshale anaelekeza ncha yake kwenye benchi. Baba Tunu amekaa, kapakata mche. Miguuni hana kitu.

"Viatu vyako viko wapi?" namuuliza.

"Vimehifadhiwa," ananijibu, kama anayeniambia kuna mawingu.

Hapo nikaogopa. Nilitaka kumshika mkono tuondoke, lakini mlango haukuwepo tena. Tulikuwa katika ukumbi wa harusi, na watumiaji wenzangu wote wamejaa kwenye viti vya plastiki wakipiga makofi. Mmoja alikuwa na mkono mmoja tu, akawa anapigia pajani. "Kazi nzuri," anasema. "Hongereni."

Meza kuu amekaa mtengenezaji mwenyewe, kijana anayeitwa Mbelwa. Shati lake limekunjamana, na mahali pa kichwa pana duara linalozunguka polepole. Kando yake kimesimama kitufe cha Hifadhi, kikubwa kama kabati, kinacheua.

"Shikamoo mama," anasema Mbelwa.

"Marahaba mwanangu. Habari za kazi?"

"Nzuri."

Nyayo za Baba Tunu zinatoweka.

"Za nyumbani?"

"Nzuri."

Miguu inatoweka hadi magotini. Mshale ananiinamia sikioni. "Mama, fupisha salamu, ukichelewa anafutika."

Nimemsikia. Nataka kufupisha. Lakini mdomo wangu umelelewa na bibi yangu, na unaendelea wenyewe. "Wazazi nao hawajambo?"

"Wazima kabisa. Haya, lete maoni."

"Kwanza niseme, programu yenu imetusaidia mno."

Makofi. Baba Tunu sasa anaanzia kiunoni.

"Na rangi zake zinapendeza."

"Mama Tunu," anasema mume wangu kwa upole, "mimi nakwisha."

Nikasema kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia ukumbini: "Mwanangu, programu yenu ina kasoro. Nafungua ukurasa. Naweka picha ya mume wangu mwisho. Nategemea ibaki."

Makofi yakakatika. Duara la Mbelwa likasimama.

"Halafu?" anauliza.

Hatua iliyobaki naijua itafanya nini.

"Nisiposikia yote siwezi kutengeneza," anasema Mbelwa. "Watu wote hawa, hakuna aliyewahi kuniambia. Mimi nilijua imekamilika."

Namtazama Baba Tunu. Ananiitikia kwa kichwa, ndicho kilichobaki.

"Halafu nabonyeza Hifadhi," nasema.

Mche umebaki peke yake kwenye benchi.

Mbelwa anachukua bisibisi na kukifungua kitufe mgongoni. "Taratibu," kinalalamika. "Niliambiwa nihifadhi, nikahifadhi. Hakuna aliyenionyesha pa kuweka." Ndani vinatoka viatu, unatoka mkono wa yule mpiga makofi, halafu anatoka Baba Tunu mzima, anajikung'uta suruali. Nilitaka kulia kwa furaha.

Kidoti kiko shavu la kulia.

Naangalia tena. La kulia.

"Kila kitu kiko sawa, mama?" anauliza Mbelwa. "Ukisema ndiyo, suala hili tunalifunga na halifunguliwi tena."

Ukumbi mzima unanitazama. Kijana wa watu amechoka, jasho limemlowesha mgongo, na duara lake limeanza kuzunguka kwa matumaini. Nimeshamsema mara moja mbele za watu. Nitamsema na mara ya pili?

"Kiko sawa, mwanangu," nikasema. "Kazi nzuri. Hongereni sana."

Mshale akageuza ncha yake pembeni, hakutaka kuniangalia. Kisha nikasikia kitu kikifungwa.

Niliamka jua limeshaingia dirishani. Baba Tunu alikuwa amesimama kando ya kitanda, mzima, ana viatu, na kikombe cha chai kinafuka moshi. Nilishukuru Mungu kimoyomoyo.

"Pokea chai, Mama Tunu," akasema, akaninyooshea mkono wa kushoto.

Nilitazama ule mkono. Nilipandisha macho hadi usoni kwake, shavu moja, kisha la pili.

"Mbona unaniangalia hivyo?" akaniuliza. "Kuna kitu hakiko sawa?"

"Hamna," nikamwambia. "Chai nzuri, hongera."

Nilikuwa bado sijaionja.