Mkono wa Kushoto wa Tumpe

Jumapili baada ya ibada, Chepkemoi alivua buti za theluji mlangoni, akabandika chai, akajitupia taulo mabegani, kisha akaweka mto sakafuni chini ya picha ya sebuleni na kuketi akiupa ukuta mgongo. Alichomeka chanuo nyweleni, akasubiri. Tumpe, ambaye alikuwa amefariki mwanzoni mwa Novemba na kuzikwa kwao Tukuyu, alitoa mikono kwenye picha hadi viwikoni, akachukua chanuo na kuanza kugawa nywele.

Alianzia kulia, kama alivyozoea alipokuwa hai. Alisuka twende kilioni, ule msuko rahisi wa kwendea msibani. Mikono yake ilinuka mafuta ya kuchanganyia rangi, na ilikuwa ya baridi kidogo kwa sababu ukuta ule unapakana na nje. Chepkemoi alimsimulia habari za wodini, mgonjwa gani ameruhusiwa na daktari gani amenuna. Tumpe hakujibu, maana mdomo ulikuwa bado ndani ya picha. Lakini pale palipochekesha, mikono ilitetemeka kidogo na msuko ukaenda upande.

Picha ile Tumpe aliichora walipohamia mji wa Champlin, huku ughaibuni. Mchana alikuwa maabara akipima damu za watu. Jioni alichora, na karibu kila alichokichora kilikuwa wanawake wawili waliopendana. Katika hii amejichora mwenyewe ukingoni mwa kitanda, chanuo kando yake. Chepkemoi yuko sakafuni katikati ya magoti yake, kichwa amekilaza pajani, macho ameyafumba, na kanga imemteleza bega moja. Tumpe ameinama, midomo yake iko karibu kabisa kugusa njia aliyoigawa sasa hivi. Mtu angeiona picha ile kwa kupita tu akienda msalani, angejua hawa ni nani kwa nani. Na kama ni mzito wa kuelewa, upindo wa kanga umeandikwa kwa herufi kubwa: MAPENZI NI KIKOHOZI, HAYAFICHIKI.

Watanzania na Wakenya wa sehemu zile walipita mbele ya picha ile miaka yote wakienda kuchukua pilau, wakasema ni nzuri, wakasema kweli undugu ni kufaana. Wengine waliuliza mkubwa ni yupi na mdogo ni yupi. Hawakuwa vipofu. Walikuwa watu wema walioamua, na mtu aliyeamua huwezi kumwamsha, kwa kuwa hajalala.

Picha ilikuwa na kasoro moja. Tumpe alijua kuchora shingo, alijua magoti, alijua hata usingizi, ila mkono wake mwenyewe wa kushoto ulimshinda. Kidole gumba kilitoka kifupi. Alisema atakirekebisha, asikirekebishe. Kwa hiyo misuko ya upande wa kushoto ilitoka imelegea, na ikifika katikati ya wiki ilianza kufumuka.

"Nani amekusuka?" wanawake walimuuliza kanisani.

"Tumpe."

"Amekupatia. Ila huku kushoto..."

"Huko ni ile thumb," alisema Chepkemoi, nao wakaelewa.

Hakulalamika. Wajane wengi hawasukwi kabisa, na yeye alishukuru.

Ilipofika arobaini, familia ilikutana Champlin kuanua matanga. Desturi inajulikana: vitu vya marehemu hugawiwa ndugu zake, msiba ukafungwa, watu wakarudi kwenye shughuli zao. Kaka yake Tumpe, Theophil, injinia na mtu mpole kupita kiasi, alikuja kutoka Blaine, mji wa jirani, na mkewe Doris. Makoti alipewa Doris. Vitenge viliwekwa kando kwa ajili ya shangazi wa Tukuyu. Brashi na rangi zilikwenda kwa Tulia, binti wa Theophil. Muda wote huo Chepkemoi alikuwa jikoni akipakua chakula. Angekuwa mwanamume, Theophil angemwita shemeji, angemkalisha mbele, na ugawaji ungeanzia kwake. Kwa kuwa hakuwa, alipewa shukrani za familia na hotipoti kubwa yenye maua.

"Na hii picha?" aliuliza Doris.

"Picha ya marehemu hukaa kwa ndugu," alisema Theophil. "Au unasemaje, dada Chepkemoi?"

Chepkemoi alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi. Alitaka kuwaambia wabebe kila kitu, hata kitanda, wamwachie hiyo tu. Alitaka kusema kwamba aliyekufa ni mke wake.

"Ni sawa," alisema. "Muishike vizuri, isigongwe na mlango wa gari."

Alijuta kabla gari halijatoka. Alikaa chini ya msumari mtupu na kulia kwa sauti, jambo ambalo msibani hakulifanya kwa kuwa alikuwa na vyombo vya kuosha. Jumapili ile hakusukwa. Alikwenda kazini na kofia ya sufu, akaambiwa na wenzake kwamba baridi ya mwaka huu haina huruma.

Ijumaa jioni kengele ya mlango ililia. Barazani walikuwa wamesimama Tumpe na yule Chepkemoi wa kuchorwa, pekupeku, wamejifunika kanga moja wote wawili. Walikuwa wametembea kutoka Blaine na kuuvuka mto Mississippi kwa daraja, na nyuma yao nyayo za rangi ya udongo zilikuwa zimefuatana kwenye theluji hadi kwenye kona. Chepkemoi aliwapa chai. Hawakuinywa, walishika vikombe tu wapate joto, kisha wakapanda ukutani na kukaa palepale pa zamani, bila fremu, bila kitanda, msumari umetokeza karibu na sikio la Tumpe.

Baadaye kidogo simu iliita.

"Dada, samahani kukusumbua," alisema Theophil. "Wale wamekuja huko?"

"Wamefika. Nimewapea chai."

"Ahsante sana. Huku vimebaki kitanda na chanuo. Wamekujaje, na hapa Blaine bila gari huendi popote?"

"Walitembea."

"Tumpe alikuwa mbishi tangu utotoni," alisema Theophil. "Basi waache wapumzike hapo. Lakini unajua, dada, picha ni ya familia."

"Najua."

Kile kitanda kitupu bado kimetundikwa sebuleni kwa Theophil, juu ya televisheni. Wageni wakiuliza, huwajibu kwamba hiyo ni picha ya marehemu dada yake, ametoka kidogo.

Siku za Kwaresma, Doris alipiga hodi Champlin, Tulia nyuma yake.

"Wasusi wa huku wanamtoa mtoto machozi," alisema. "Naomba shangazi yake amguse."

"Does it hurt?" aliuliza Tulia.

"Hapana, mum. She's very gentle," Chepkemoi alimwambia Tulia, akamwekea mto.

Yule Chepkemoi wa ukutani alisogeza bega kumpisha mtoto, na mikono ikashuka. Doris alikaa kwenye kochi akitazama. Aliiona mikono ile ikipita juu ya kichwa cha yule wa ukutani kilicholala pajani, na kila ilipopita ilikigusa kwanza, kidogo, kabla ya kuendelea na kazi. Alitazama hadi chai yake ikapoa.

"Hawa walipendana," alisema mwishowe.

"Sana."

"Kama mapacha."

"Hapana, mama Tulia," alisema Chepkemoi. "Si kama mapacha."

Doris alikoroga chai ambayo haikuwa na kitu cha kukorogwa. "Sukari iko wapi, mwenzangu?" aliuliza.

Tulia alirudi nyumbani hajalia, kushoto kumelegea. Habari zilisambaa. Walikuja binamu, wakaja wake wa binamu, akaja mama mmoja wa Saint Paul ambaye undugu wake na Tumpe ulihitaji maelezo marefu. Jumamosi nyumba ilijaa maandazi, makelele na watoto wanaojibu kwa Kiingereza. Mume wa mmoja wao alimsafishia Chepkemoi theluji mbele ya gereji bila kuombwa. Chepkemoi alikuwa ameogopa nyumba iliyonyamaza kuliko alivyokuwa akiogopa kifo, na sasa haikunyamaza. Alishukuru kwa hilo kila alipofagia makombo. Jumapili peke yake hakumpokea mtu. Jumapili ilikuwa zamu yake.

Mwaka ulipotimia, ibada ya kumbukumbu ilifanyika kwenye ukumbi wa kanisa. Chepkemoi alisimama kwenye meza ya chai. Theophil alizungumza vizuri. Alisema dada yake alikuwa mchapakazi, alimpenda Mungu na alikuwa na kipaji cha mikono. Alisema ni bahati mbaya tu kwamba hakujaliwa kupata mwenza. Watu walitikisa vichwa kwa huruma. Chepkemoi alikaza mfuniko wa chupa ya chai, ambao ulikuwa umekazwa tayari.

Kisha familia iliitwa mbele kupiga picha. Walijipanga Doris, Tulia, binamu, wake wa binamu na yule mama wa Saint Paul, wote wamesukwa na Tumpe, wote wamelegea kushoto. Theophil alitazama huku na huku, akamwona Chepkemoi, uso ukamchangamka.

"Dada Chepkemoi! Njoo," alisema, akamkabidhi simu. "Tusaidie kupiga."

Chepkemoi alirudi nyuma mpaka wote wakaenea. Alimwambia Doris asogee kidogo. Alipiga mara mbili, asije akatoka mtu amefumba macho.

Jioni aliketi kwenye mto wake na kumweleza Tumpe yote: nani alikuja, nani amenenepa, pilau lilivyopungua chumvi. Alimweleza pia lile la mwenza. Mikono ilisimama. Ilikaa kichwani mwake bila kusuka. Kisha Tumpe, ambaye akiwa ukutani hajawahi kutoa zaidi ya viwiko, aliinama akatokeza uso, akamalizia kwenye njia ya nywele lile busu alilolichora halijafika.

"Asante," alisema Chepkemoi. Alisema mara nyingi. Alikuwa amelisubiri tangu rangi ilipokuwa mbichi.

Jumapili iliyofuata, Theophil alimkuta nje ya kanisa na kumwona ana doa la rangi nyekundu kichwani, kwenye njia.

"Dada, umechafuka hapa," alisema. Alitoa leso yake safi, akamfuta taratibu, kwa upole wake wote. Halikutoka. Rangi ya mafuta ikishakauka haitoki kwa leso.

"Liache tu," alisema Chepkemoi. "Asante, shemeji."

Theophil aliikunja leso, akairudisha mfukoni.

"Karibu chai, dada," alisema.