Maji Yaliyosubiri Jibu

Mchungaji Nicodemus Makokha alichota maji kwa kikombe cha bati, akayamimina juu ya kichwa cha mtoto wa Nabalayo, na maji hayakushika. Yaliteleza yote yakaangukia kwenye karai lililokuwa chini, na kichwa cha mtoto kikabaki kikavu kama kilivyotoka nyumbani. Ilikuwa ibada ya asubuhi katika kanisa la Bondeni, mjini Nakuru, mwaka wa hamsini na nne, na watu walikuwa wamevaa vizuri. Mchungaji akachota tena. Maji yakateleza tena.

"Umempaka mafuta?" akauliza.

"Kidogo tu, Pasta. Ngozi ilikuwa inapasuka na baridi."

Basi watu wakasema ni mafuta, wakaenda nyumbani. Jumapili iliyofuata Nabalayo alimleta mtoto akiwa amesuguliwa kwa sabuni ya kufulia hadi kichwa kinang'aa. Maji yakaenda kwenye karai vilevile. Mama Eucabeth, kiongozi wa akina mama, ambaye tangu azaliwe hajawahi kukosa la kusema, akashauri waachane na maji ya mfereji watumie ya mvua. Walitumia ya mvua. Ya mvua nayo yakaanguka, ila yalikuwa baridi zaidi na mtoto akapiga chafya.

Ndipo Mchungaji akaketi kwenye ngazi ya mimbari na kusema kitu ambacho kila mtu alikuwa anakijua. Katika ubatizo wa kanisa lile, mzazi akishajibu maswali yake, Mchungaji hugeukia kusanyiko na kuuliza: Je, ninyi washirika, mnampokea mtoto huyu awe wenu, mkamlee pamoja na mama yake? Nao husimama na kuitika: Tunampokea. Jumapili zote hizo Mchungaji alikuwa ameuliza, na hakuna aliyeitika. Wengine walikohoa. Mzee mmoja aliinama akafunga kamba ya kiatu kisichokuwa na kamba.

"Maji si mjinga," akasema Mchungaji. "Yanangoja jibu. Mimi ni mtu mmoja, siwezi kuitika kwa niaba ya kanisa zima. Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Hata hivyo mvua ya mwaka huu si nzuri," akasema Mama Eucabeth, na watu wakafurahi kupata jambo jingine la kuzungumza.

Mtoto alikuwa wa Ngigi. Huyo Ngigi alikuwa akiimba besi kwenye benchi la dirishani, sauti nene ya kutikisa vioo. Kisha asubuhi moja askari waliizingira Bondeni wakitafuta waliokula kiapo cha kuipinga serikali, wakawapanga watu uwanjani, na mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho akapitishwa mbele yao. Gunia likitikisa kichwa, unapandishwa lori. Lilitikisa kichwa kwa Ngigi, kwa benchi lake lote, na kwa benchi la nyuma yake. Nabalayo alisema mume wake hakula kiapo chochote ila kile cha ndoa. Hakuna aliyemuuliza.

Ubaya ni kwamba mtu wa gunia alikuwa wa kanisa. Chini ya gunia vilionekana viatu, na viatu hivyo vilikuwa vya Jumapili, vimepigwa rangi vizuri. Wenye viatu vya namna hiyo walikuwa wengi, na siku ile nani alikuwa na moyo wa kutazama miguu? Kwa hiyo kila Jumapili mtu huyo aliketi kati yao bila gunia, akaimba, akatoa sadaka, na hakuna aliyemjua. Ni nani angesimama mbele yake na kutamka kwamba anampokea mtoto wa Ngigi? Kila mtu alikuwa na watoto wake. Ilikuwa aibu, walijua ni aibu, na walikaa nayo pale ndani wakiwa wamefungua vitabu vya nyimbo.

Nabalayo mwenyewe alikuwa mtu wa Kimilili. Afisa wa serikali alimwambia waziwazi: wewe si Mkikuyu, unaweza kubaki Nakuru, lakini mtoto ni wa Ngigi na mwisho wa mwezi lori litampeleka kwa watu wa baba yake, huko Murang'a. Nabalayo akamwambia afisa kwamba mtoto hajui kupanda lori peke yake. Afisa akaandika majina mawili.

"Kwenda nitaenda," alimwambia Mchungaji. "Lakini mtoto apokelewe kwanza. Sitaki nimpeleke kwa watu sijawahi kuona kama kifurushi kimeokotwa stesheni. Aende akiwa na watu nyuma yake."

Ilikuwa imebaki Jumapili moja.

Nabalayo alifanya kazi kwa Bwana Zelig, Myahudi mwenye duka la mikate. Kila Ijumaa, kazi ya mikate ya kawaida ikiisha, alisuka ile ya Sabato, mkate wa mafungu matatu kama nywele za msichana, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa Bwana Zelig mwenyewe. Jua likielekea kutua, wazee wa Kiyahudi wa mjini walikuja kusali katika chumba cha nyuma. Walikuwa tisa. Wa kumi alikuwa na shamba mbali, upande wa Molo, na tangu Hali ya Hatari itangazwe hakuthubutu kuliacha giza likiingia. Kwa desturi yao, sala nyingine hazisemwi mpaka wanaume wawe kumi. Basi wale tisa walisoma zile zilizoruhusiwa, wakaziruka nyingine, wakaenda kulala.

Ndugu yake Bwana Zelig, aliyeitwa Mendel, alikuwa akija pia. Mendel alikufa ndani ya seng'enge huko Ulaya wakati wa vita. Alikuja kila Ijumaa kabla jua halijazama, koti lake likiwa na theluji mabegani, akakaa karibu na tanuri. Wazee walishabishana kuhusu jambo lake kwa mwaka mzima, wakakata shauri kwamba maiti hahesabiwi, ila kiti atapewa. Theluji ilipoyeyuka Nabalayo aliifagia na kuyamwagilia maboga nyuma ya duka. Yalistawi vizuri.

Ijumaa hiyo Bwana Zelig alimwona Nabalayo anasuka mkate huku machozi yanaingia kwenye unga.

"Nini, Nabalayo? Chumvi mimi natia tayari."

Nabalayo akamweleza habari ya maji. Bwana Zelig akasikiliza, akakuna ndevu, hakuona la kushangaza. "Kama sisi tu," akasema. "Mungu hapana taka maneno ingine ya mtu moja. Lakini sikia. Sisi hapana kaa ngojea mtu ya kumi. Sisi natoka, natafuta yeye. Kwa hoteli, kwa stesheni. Kama yeye nalala, sisi naamsha."

"Na kama amefungwa, Bwana?"

Bwana Zelig aligeuka akamtazama ndugu yake, ambaye alikuwa ameshaketi karibu na tanuri, anadondosha maji. Mendel hakuwa msemaji. Aliinuka, akachukua gunia tupu la unga kutoka kwenye rundo, akalikung'uta mara mbili, akampa Nabalayo. Kisha akarudi kwenye kiti chake. Gunia lilikuwa na unyevu kidogo mahali alipolishika.

Kesho yake Nabalayo alimbeba mtoto mgongoni, gunia mkononi, akaenda kwenye kambi ya mchujo kando ya reli. Humo ndimo waliwekwa watu wa lori wakingoja treni ya kizuizini Manyani. Langoni alikuwa askari aitwaye Kiprugut, kijana mrefu aliyekuwa akisikia baridi, amejikunja ndani ya koti.

"Kuongea na wafungwa ni makosa, mama."

"Sitaongea na wao, afande. Nauliza swali moja, wanaitika, naenda."

"Kuitika ni kuongea."

"Kanisani kwenu watu wakiitika Amina, wanaongea?"

Kiprugut akafikiri. Alikuwa mtu wa kanisa huko kwao, na jambo hilo hakuwahi kuliangalia upande huo. "Hapana," akasema mwishowe. "Wanaitika tu. Haya, uliza mara moja, usilie kwa seng'enge, mkubwa ataniona."

Nabalayo akaenda hadi kwenye seng'enge. Ng'ambo walikuwa wameketi chini, wengi, rangi moja ya vumbi, na hakumtambua mume wake mpaka alipoanza kusimama. Ngigi alikuwa amekonda. Nabalayo akataka kusema mambo mia, lakini alikuwa ameahidi swali moja. Akamgeuza mtoto uso kwa uso nao, akafungua mdomo wa gunia.

"Je, ninyi washirika," akauliza, "mnampokea mtoto huyu awe wenu?"

Benchi la dirishani likasimama. La nyuma yake likasimama. Kisha wakasimama na wengine, wa makanisa mengine na wasio na kanisa, maana mtu akiulizwa swali kama hilo hawezi kukaa chini. Wakaitika, na mmoja akaongeza Amina. Sauti ikaingia kwenye gunia yote, gunia likajaa hadi shingoni, na Nabalayo akalifunga kwa kamba upesi kabla halijapoa. Ngigi aliinua mkono. Nabalayo akainua wake.

Langoni Kiprugut akamsimamisha, kwa kuwa mzigo unaotoka lazima ukaguliwe. Gunia lilikuwa likirukaruka kama kuku wa sokoni.

"Kuna nini humu?"

"Sauti."

Akalipima kwa mikono miwili. Lilikuwa zito, besi ina uzito wake. "Barua zimekatazwa," akasema, "na pesa, na visu. Sauti hawakuniambia." Akamsaidia kulitwika kichwani. "Na mimi hapa langoni niliitika," akaongeza, akitazama pembeni. "Iko ndani. Usiniseme."

Jumapili Nabalayo alipoingia kanisani na gunia kichwani, watu waligutuka, kwa kuwa tangu siku ile ya uwanjani Bondeni haikupenda kuona gunia. Alilitua mbele, kando ya karai. Mchungaji akamchukua mtoto. Akauliza maswali ya mama, mama akajibu. Kisha akageukia kusanyiko, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Je, ninyi washirika, mnampokea mtoto huyu awe wenu, mkamlee pamoja na mama yake?"

Kikohozi kimoja.

Nabalayo akafungua kamba.

"TUNAMPOKEA," likasema gunia, na vumbi jekundu la kambini likapanda hadi kwenye mabati. Vioo vya dirisha vikatikisika, na watu waliijua besi hiyo. Mtoto aligeuza kichwa kuitafuta. Mabenchi mawili yaliyokaa tupu tangu siku ya lori yakalia kwa uzito, kama yanavyolia watu wakisimama kwa pamoja.

"Ai, na sisi tunakaa tu?" akasema Mama Eucabeth. Akainuka, magoti yakilia, akapaza sauti: "Tunampokea!" Akaitika aliyekuwa pembeni yake. Akaitika yule mzee wa kiatu kisicho na kamba. Kisha waliitika wote, hata mtu wa gunia, maana hakukuwa na mdomo uliobaki umefungwa, na yeye mwenyewe alishangaa kusikia sauti yake imo.

Mchungaji akamimina maji. Yakashuka kwenye paji la uso, yakaingia masikioni, yakaloanisha kola. Mtoto akalia kwa hasira.

"Loisi Wangechi," akasema Mchungaji, akicheka huku anajifuta macho kwa mkono wa kanzu. "Maji yameshika."

Juma hilo gunia la matundu mawili lilionekana tena, mtaa mwingine, likitikisa kichwa.

Asubuhi ya lori Bwana Zelig alikuja uwanjani na mkate wa kusuka uliofungwa kwa kitambaa. Nabalayo alimrudishia gunia. Chini kabisa, kwenye pembe, ilikuwa imebaki Amina moja, kama unga unavyobaki. Ijumaa wazee walilifungua gunia, ikasema Amina kwa matamshi ya Bondeni. Wakabishana hadi usiku, wakaamua kwamba sauti bila mwili haihesabiwi. Wakabaki tisa. Lakini Bwana Zelig akaiwekea kiti, karibu na cha Mendel.

Kabla ya kufika Gilgil, lori lilisimama Kikopey ili dereva aongeze maji kwenye rejeta. Vumbi lilikuwa limewapaka wanawake wote nyuso, ila kichwa cha Loisi kilikuwa kingali kibichi, na matone yakishuka. Mwanamke mmoja alipitisha kitambaa chake hapo, akajifuta uso, akampa mwenzake. Kilizunguka lori lote, na mtoto hakupungukiwa.

Walifika Murang'a siku ya pili. Kijiji kilikuwa kipya, kimezungushiwa seng'enge, na nje yake wanawake walikuwa wakichimba handaki chini ya walinzi. Bibi mmoja aliacha jembe akaja. Alikuwa Wangechi, mamake Ngigi. Aligusa kichwa cha mjukuu wake, akatazama vidole vyake vilivyoloa.

"Nani alimpokea?" akauliza kwa Kiswahili cha sokoni.

"Kanisa la Bondeni, mama. Na Ngigi. Na watu wa kambi."

"Na sisi je? Sisi hatuulizwi?"

Basi Nabalayo, akiwa amesimama hapo getini, akauliza. Wangechi akawatafsiria wenzake, nao wakanyoosha migongo, wakaitika kwa lugha yao, na maji yakaanza kutiririka upya usoni pa mtoto.

Mlinzi akapiga filimbi. Wanawake wakarudi handakini, na Nabalayo akapewa jembe. Alichimba hadi jioni, mtoto mgongoni, mgongo wake wote umeloa.