Mbegu ya Mtindi Iliyogoma Kuamka

"Bakteria niliowakausha mimi hawafi, wifi. Wanalala tu. Hata mjukuu wako atawaamsha wamgandishie maziwa."

Mkaushaji alisema hayo mbele ya mama mkwe, mwenye karakana ya mtindi, makusudi yamchome wifi yake Bi Friza, mtunza mbegu hiyo ya bakteria kwenye baridi kali. Mawifi wengine huwa chanda na pete. Hawa walikuwa chanda na mwiba. Leo mama mkwe angemkabidhi mmoja wao ufunguo wa chumba cha mbegu. Mwingine angebaki kusugua ndoo.

Kazi ya Mkaushaji ilitaka subira. Mbegu huchanganywa na maziwa ya unga na sukari kidogo, ikakaushwa siku mbili kwa joto lisilozidi la kiganja, maana likizidi bakteria hufa, ndipo pakiti zifungwe zisipitishe hewa, ziende kwa Bi Friza. Lakini Alhamisi, ili wifi amwone yeye ndiye mwamba, alizungusha kitufe cha kikaushio mpaka mwisho. Unga ukawa tayari kabla ya adhuhuri. Mkavu, mweupe, wa kupendeza.

Sasa mama mkwe alifunua ndoo ya maziwa ya majaribio, iliyotiwa pakiti moja tangu alfajiri. Akaitikisa. Maziwa yakacheza kama maji ya kunawa.

"Wamelala fofofo," Bi Friza alisema. "Tuwapigie ngoma?"

Jasho lilimtoka Mkaushaji, ila ulimi haukumkauka. "Mama, muulize mwanao friza aliiacha wazi mara ngapi. Mimi nilikausha polepole, siku mbili kamili. Nimewalea kama yai."

"Tangu Ijumaa friza imefunguliwa mara moja tu, kutoa pakiti hii. Mdomo wako ndio haufungwi."

"Na roho yako ndiyo haiyeyuki."

Mlangoni, mleta maziwa aliyekuwa akishusha madumu aliguna.

"Unaguna nini?" mama mkwe aliuliza.

"Hizo siku mbili, mama. Dada, si Alhamisi nililowa mvua, ukaniambia nianike soksi juu ya kikaushio chako? Chai sijaimaliza, zikaanza kunuka moshi." Akavua kiatu. Kidole gumba kilichungulia kwenye tundu la soksi lenye kingo zilizoungua.

Mama mkwe alikitazama kile kidole, kisha akamtazama mkwewe.

"Vaa kiatu, mwanangu," alimwambia mleta maziwa. "Na madumu yako mwachie huyu. Ana haraka, atayasugua upesi."