Nundu ya Barafu

Chelagat alikuwa na miaka mitatu katika ofisi ya ramani huko Virginia, kazi yake kukagua picha za setilaiti za Ncha ya Kusini. Kutwa nzima ni nyeupe juu ya nyeupe, mpaka siku nyingine akawa anaona mbuzi wasiokuwepo. Ndipo Jumanne moja ya Mei, mwaka 1998, akaona kitu kisicho mbuzi: mgongo wa mwamba uliochomoza katikati ya barafu, urefu wake kilomita kumi na mbili. Akatazama ramani za zamani. Hapo palikuwa patupu. Akapekua orodha ya majina. Hakuna.

Mkuu wake, Dorothea, mama wa Kimarekani mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, aliinama akatazama.

"Hongera," akasema. "Ni wako. Pendekeza jina, kamati ya majina inakutana baada ya wiki tatu."

Chelagat aliendesha gari hadi nyumbani Gaithersburg akitabasamu peke yake kwenye foleni. Kosa lake lilikuwa kumwambia mumewe. Jumapili, wakati wa matangazo kanisani Bladensburg, Leonard akasimama bila kuitwa.

"Bwana asifiwe! Wife yangu amediscover mlima!"

Kabla ya ibada kwisha, Mzee Nehemiah, mwenyekiti wa chama chao cha Wakenya, alikuwa ameshaunda Kamati ya Mlima. Jumamosi wakajaa sebuleni kwa Chelagat, wengine wamekaa kwenye ngazi.

"Uitwe Gitau," alisema Gitau. "Nimefanya kazi kwenye friza ya supamaketi miaka sita. Nani hapa anajua baridi kunishinda?"

"Na sisi manesi wa zamu ya alfajiri Januari?" Bridget akamkatiza. "Wewe friza yako ina mlango!"

Habib, dereva wa teksi kutoka Unguja aliyealikwa kwa sababu ya biriani yake, akainua mkono kwa adabu. "Samahani, shemeji. Mtu akitaka kusali huko, kibla kiko upande gani?"

"Ukisimama kwenye ncha yenyewe," Chelagat akamjibu, "kila upande ni kaskazini."

Habib akaweka kijiko chini. "Makubwa haya! Basi hata teksi huko haipotei."

Ikapigwa kura. Watu kumi na mmoja, majina kumi na moja, kila mtu la kwake. Mzee Nehemiah alishinda kwa kura mbili, zote kwa mwandiko wake.

Siku ya kikao ofisini Chelagat akafika na barua ya Kamati ya Mlima, yenye mihuri minne. Mwenyekiti wa kamati ya majina, mzee wa ndevu nyeupe aliyewahi kuishi kule kwenye barafu, akaisoma mara mbili.

"Huyu Nehemiah amewahi kufika kule?"

"Hapana. Theluji ikianguka, hata dukani hafiki."

"Basi haiwezekani. Kama ni jina la mtu, lazima awe amefanya kazi kule. Lakini jina la umbo tunakubali. Wewe unauona kama nini?"

Chelagat akaitazama picha. Akakumbuka fahali wa baba yake kule Kericho, aliyemkimbiza mpaka akapanda juu ya ghala.

"Nundu," ikamtoka.

Hawakuelewa. Basi akainama katikati ya chumba, akajishika nyuma ya shingo, akaonyesha. Wataalamu watano wenye tai wakainama naye, kila mmoja akijipapasa shingo.

"Nun-du," alisema mwenyekiti, akiwa bado ameinama. "Nzuri. Imepita."

Chelagat alirudi nyumbani kwa furaha, ila sasa ilibidi ampigie simu Mzee Nehemiah.

"Mzee, shikamoo. Jina lako wamelikataa, kwa sababu hujafika kule."

Mzee akataka ufafanuzi.

"Hujafika, ama bado hujafika?"

"Tuseme… bado," alisema Chelagat, kwa huruma tu.

Jumamosi iliyofuata, Juni, jua linachoma, kengele ya mlango ikalia. Alikuwa Mzee Nehemiah, amevaa koti refu la manyoya, glavu na kofia ya masikio, jasho linamtiririka hadi kwenye buti.

"Mama, niko tayari," akasema akihema. "Ndege inaondoka saa ngapi?"

Chelagat akamshika mkono, akamwingiza ndani, akamvua kofia kwanza, kisha akakimbilia maji.